Mabanda Mawili ya Namba Tisa

Wiki iliyopita nilirudisha stoo koti la mvua, filimbi na fito. Karani wa stoo, kijana mwenye haraka zake, aliigeuzageuza ile fito akaniuliza, "Mzee, hii ni ya nini?" Nikamwambia ni ya kulaza juu ya chai. Alinitazama kama mtu anayemsikitikia mgonjwa, akaitupa kwenye kona ya mifagio. Basi ndivyo nilivyostaafu.

Nyinyi mlioachiwa gengi zangu za wachumaji mmeniomba niwaandikie namna ya kudumu katika kazi hii mpaka mvi ziote. Habari za vyeo na mshahara sitaandika. Cheo changu kilikuwa kimoja, na mshahara mnaujua kwa kuwa ndio mnaoulalamikia kila mwisho wa mwezi. Nitaandika nilivyoanza, zana nilizoshika, mtu aliyenifundisha, na jambo moja lililonishinda. Msitegemee kucheka sana. Kericho ni nchi ya mvua, na mimi nimenyeshewa.

Nilipanda huku miaka ya ishirini, kijana wa ziwani ambaye hajawahi kumiliki koti. Tulitoka Sondu kwa miguu, tukapita Sigowet, na kila kilima tulichopanda baridi ilizidi. Nilidhani nitakuta chai. Nilikuta msitu ulioangushwa, visiki, moshi, na Wazungu wawili waliovaa suruali fupi katika baridi ile, hata nikafikiri wanaadhibiwa kwa kosa fulani.

Siku ya kwanza nilipewa jembe lisilo na mpini. Nilisimama nalo mkononi kama mjinga. Nyapara wetu, Mkipsigis aliyeitwa arap Tonui, alinyoosha kidole kuelekea msituni.

"Mpini iko huko. Chakua mzuri. Ukichakua mbaya, mkono yako ndiyo italia."

Nilichagua mbaya, kwa sababu nilitaka kumaliza upesi. Mkono ulilia wiki mbili. Tangu hapo kila mfanyakazi mpya aliyekuja kwangu nilimwacha achague mpini wake mwenyewe, wala sikumwambia neno, maana maneno hayatoi malengelenge.

Arap Tonui alikuwa mtu mfupi, mkavu, mnusa ugoro, mwenye hasira za karibu. Ndewe za masikio yake zilikuwa ndefu, na alipotaka kuinama alizipandisha juu ya sikio zisimsumbue. Ukimwona anazipandisha ulijua kazi imeanza. Hakuwa mtu wa kusifu. Ukifanya vizuri alinyamaza, na watu walijitahidi sana ili wanyamaziwe.

Siku moja tulikuwa tunachimba mashimo ya miche. Kamba ilikuwa imevutwa kutoka kigingi hadi kigingi, imenyooka kabisa. Alinisimamisha, akachora duara chini kwa fito yake.

"Hapa ilikuwa nyumba ya mama yangu," akasema.

Niliinua jembe nikalishusha pembeni. Nikamuuliza kama nisogeze shimo kidogo.

"Chimba. Kamba ya Pwana imepita hapa."

Nikachimba. Chini kidogo jembe liligonga jiwe, nalo lilikuwa figa, bado jeusi upande mmoja kwa moto wa zamani. Arap Tonui alilitoa kwa mikono yake, akaliviringisha mpaka kando ya njia, na tangu siku hiyo alilikalia wakati wa chakula. Hakuna mwingine aliyelikalia, hata yeye asipokuwapo.

Chai ilipokua alinifundisha fito. Fito ni mti mwembamba ulionyooka, unaulaza juu ya vichaka ili meza ya chai, yaani uso wa juu wa vichaka, iwe sawa. Kilichochomoza juu ya fito ni chako, majani mawili na chipukizi. Kilicho chini ni cha mti wenyewe, usikiguse. Mchumaji asiyejua hilo huvuna leo akala hasara mwakani.

Jambo la pili alilonifundisha ni kupiga mluzi. Nyapara wengi siku zile walitembea wakinyemelea, wajitokeze ghafla nyuma ya mtu na kumkuta amekaa. Arap Tonui alitembea akipiga mluzi toka mbali. Nilimuuliza kwa nini anawaonya wavivu.

"Mtu akijua mimi niko wapi, anaangalia chai. Asipojua, anatafuta mimi na macho. Macho ingapi iko naye? Mbili tu."

Nami nikauchukua mluzi. Nilikuwa nimebatizwa tayari, basi nilipiga wimbo wa kanisani, ule wa kufungia ibada, kwa kuwa ndio pekee nilioujua mpaka mwisho. Nilipofanywa nyapara nikapewa gengi yangu, watu walinijua kwa wimbo huo. Shikeni hilo kama hamtashika jingine: mtu anayesimamia wengine asikike kabla hajaonekana.

Niliporudi nyumbani kuoa, nilimwoa Dorka, binti pekee wa mjane mmoja wa Asembo. Mama huyo huku mlimani watu walimwita Nyar Asembo, yaani binti wa Asembo, nami nitamwita hivyo, ingawa kwa kweli mimi sikupaswa kumwita kwa jina lolote.

Hapa lazima niwaeleze wale ambao si wa kwetu. Kwetu Wajaluo mama mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Mkikutana njiani, yeye huingia vichakani na wewe hugeuza uso. Hamli mahali pamoja, hampeani mkono, hamketi chini ya paa moja. Si chuki. Ni heshima iliyo kubwa kuliko mapenzi, maana yeye ndiye aliyekupa mtu. Wamisheni walitufundisha kwamba imani mpya imeyafuta mambo hayo. Tuliitikia amina, tukaendelea kugeuza uso. Katika mazungumzo yote ya mahari nilimwona mara moja tu, kisogo na mgongo, akiingia jikoni.

Nilimleta Dorka huku kwenye nyumba za laini, zile za wafanyakazi, tukapata mtoto wetu wa kwanza, Achieng'. Kisha nzige wakashuka ziwani. Mtama uliisha katika alasiri moja, na waliobaki na kuku walihesabiwa matajiri. Watu wakaanza kupanda milima kutafuta posho, na safari hii hata wanawake wazima walikuja.

Jioni moja nilimkuta Dorka amesimama mlangoni.

"Baba Achieng', mama amekuja."

"Yuko wapi?"

"Kwa watu wa Seme, laini ya chini. Amesema hatakanyaga upande huu."

"Amefanya vyema."

"Amekonda," Dorka akasema. "Mikono yake imebaki mifupa."

Niliona uchungu, maana sikuweza hata kwenda kumjulia hali. Nilimpa Dorka unga na samaki wakavu apeleke. Tulipanga Nyar Asembo aandikwe gengi nyingine, upande wa pili wa mto, ambako nisingemkaribia. Tulipanga sisi. Bwana alikuwa na mipango yake.

Bwana wetu mdogo, Mzungu aliyetusimamia, alikuwa kijana mwenye roho nzuri, na msiponiamini subirini. Karani alimwambia kwamba yule mama mpya ni mkwe wa nyapara wa Namba Tisa, maana kila shamba la chai lilikuwa na namba yake. Bwana akafurahi. Asubuhi akamleta mwenyewe kwenye gengi yangu, kama mtu anayeleta zawadi. Wachumaji wote waliacha kuchuma. Nyar Asembo alijifunika shuka mpaka kichwani, akatupa mgongo. Mimi nilikuwa natazama milima ya Londiani, ingawa siku ile ukungu ulikuwa umeifunika yote.

"Bwana," nikasema, "yule mama ni mkwe wangu."

"Mimi najua! Kwa sababu hiyo naleta yeye hapa. Familia moja, gengi moja. Mzuri, eh?"

"Bwana, kwetu mimi siwezi kutazama yeye."

"Yeye iko mbaya?"

"Hapana, bwana. Yeye iko mkwe."

Alicheka kwa moyo wote, akanipiga bega. "Basi wewe tazama chai, hapana tazama yeye." Akapanda farasi wake akaenda zake, na siku nzima, nadhani, alijiona amefanya wema. Nilimwendea tena mara nyingine kumwomba ambadilishe. Alidhani naona haya kupendelewa, akakataa kwa upole. Mkubwa katili unajua utakavyomkwepa. Mkubwa mwema asiyekuelewa hana pa kukwepea.

Nikamfuata arap Tonui, ambaye wakati huo alikuwa nyapara mkuu. Wakipsigis nao wana heshima zao kwa mama mkwe, kwa hiyo sikuhitaji kumweleza mengi. Alinusa ugoro, akapiga chafya, akafikiri.

"Una mluzi," akasema. "Ya nini, kama hutumii?"

Ndivyo tulivyofanya. Nilipoingia mstari nilipiga mluzi mfululizo. Nyar Asembo akisikia wimbo unakaribia, aliacha kikapu chake mwisho wa mstari, akahamia mstari mwingine na kunipa mgongo. Nami nilikikagua, nikaenda mbele nikiendelea kupiga, mpaka wimbo ukawa mbali, naye akarudi. Mluzi ukisimama ghafla, wote wawili tulisimama.

Lakini alikuwa mgeni wa chai, na mgeni hufundishwa. Nilimfundisha hivi: nilipofika kwenye kichaka alichokichuma vibaya, nililaza fito juu yake nikaiacha hapo, na kando yake nikaweka vichipukizi vitatu vilivyochumwa vizuri. Nikaondoka. Aliporudi aliiona fito, akaona makosa yake, akalinganisha. Kesho yake makosa yalipungua. Mwezi wa pili ulipoisha nilikuwa sina la kuacha juu ya kichaka chake.

Kikapu chake kilikuwa na mkanda wa kuvalia kichwani, kama wanavyobeba akina mama wa huku, lakini yeye aliukata mkanda akakibeba utosini kama mtungi. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Hakuchanganya majani yaliyokomaa na machanga, hakushindilia. Nimekagua vikapu maisha yangu yote, na ningekijua chake gizani kwa kutia mkono tu.

Siku moja nilikuta juu ya kikapu chake chipukizi moja imelazwa peke yake, majani yake mawili yametandazwa. Haikuwa imeanguka pale, iliwekwa. Niliitazama kwa muda, nikaitia mfukoni, nikaenda mbele na mluzi wangu. Kesho yake ilikuwapo nyingine. Tangu siku hiyo kila siku iliwekwa moja, nami kila siku niliichukua. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu, na nilifurahi nayo kuliko neno lolote la Bwana.

Maneno hayakukosekana. Watu walisema kikapu cha Nyar Asembo hakitazamwi sawasawa na cha wengine. Hilo litawapata nanyi, siku ndugu yenu atakapokuwa chini yenu. Sikujibizana na mtu. Nilimwita arap Tonui, akamwaga kikapu kile juu ya gunia mbele ya gengi nzima, akazipandisha ndewe zake, akainama, akapekua jani kwa jani. Halafu akanyamaza. Maneno yakaisha.

Palikuwa na mchumaji mmoja, Rael, mama wa Kikisii, jirani ya Nyar Asembo mstarini na mtu wa mzaha usioisha. Ndiye aliyepeleka ujumbe kati yetu ilipobidi. Lakini siku moja shetani wa utani alimwingia. Nilikuwa nimesimama kwenye kona nikifunga kamba ya kiatu, mluzi umekatika. Rael akamwambia, "Mama, ameenda, toka tu." Nyar Asembo akatoka, shuka mabegani, kichwa wazi, akanikuta nimeinama mbele yake. Alijitupa chini kifudifudi katikati ya vichaka. Gengi nzima ilicheka mpaka watu wakashika mbavu. Mimi nilikimbia bila kuinua macho, kama mwizi wa kuku.

Rael aliomba radhi hadharani na akaleta hata ndizi. Nyar Asembo alipokea ndizi, lakini tangu siku hiyo hakuamini mdomo wa Rael wala wa mtu mwingine kuhusu mahali nilipo. Aliamini mluzi peke yake.

Mnajua mvua ya mawe ya hapa inavyokuja. Asubuhi jua, adhuhuri wingu jeusi linakaa juu ya msitu, halafu unasikia kishindo kikija toka mbali juu ya chai, nawe una muda wa kukimbia kidogo tu. Namba Tisa ilikuwa na banda moja la kupokelea majani, la mabati, lisilo na kuta. Amri ilikuwa kwamba mawe yakianza wote wakimbilie humo.

Siku ile nilikuwa ndani ya banda kwenye mzani. Mawe yalianguka bila kubisha hodi. Watu waliingia wakisukumana, wamefunika vichwa kwa vikapu. Yale mabati yalitoa mlio ambao uliua kila sauti. Mtu alifungua kinywa mbele yako usisikie kitu. Nikaona Rael anaingia, ananitazama, anageuka kutazama nje. Nikajua.

Nyar Asembo alikuwa amefika karibu kabisa. Aliona nani yuko ndani, akasimama. Kisha akateremka kwenye mtaro kando ya njia, akachutama humo, kikapu kichwani, mgongo kwetu. Maji ya barafu yalikuwa yanapita mtaroni.

Nilitoka upande wa pili wa banda nikakimbia. Nilikimbia mpaka kwenye mikalitusi ya kuzuia upepo, mbali, ili banda liwe lake. Mawe yalinichana sikio na paji la uso. Kule nilisimama nikapiga mluzi. Nilipiga kwa pumzi zangu zote ajue niko nje, ainuke aingie. Midomo ilikuwa imekufa ganzi, wimbo ulitoka vipande vipande, na mimi mwenyewe sikujisikia. Filimbi ya chuma ya kampuni nilikuwa nimeiacha imetundikwa kwenye nguzo ya banda.

Nilimwona Rael akitoka, akiteremka mtaroni, akimvuta mkono na kunyoosha kidole upande wangu. Nyar Asembo alitikisa kichwa. Rael alipiga magoti katika maji yale, akakunja mikono kama anayeomba. Alitikisa kichwa tena. Hakugeuka kutazama alikoonyeshwa, maana kama Rael alisema uongo, angegeuka akanikuta karibu yake, uso kwa uso. Ningeweza kurudi na kumbeba, nami nilipiga hatua kurudi. Lakini nilijua akiniona tu ninakuja, angeinuka na kukimbilia ndani zaidi ya chai, kwenye radi. Nikabaki pale nikipiga mluzi usiosikika. Banda lilikuwa na nafasi ya kulaza ng'ombe.

Mawe yalipokoma watu walimtoa mtaroni hawezi kunyoosha miguu. Kikapu chake hakuwa amekimwaga. Alikuwa amekibeba kichwani na majani yake ndani, yamejaa barafu juu.

Kichomi kilimshika siku ya pili. Walimlaza chumba cha dresa, mtoa dawa wa shamba, nyumba ya udongo nyuma ya ofisi, na Dorka akahamia huko kumuuguza. Mimi sikuweza kuingia. Kila jioni baada ya kazi nilisimama nje ya ukuta nikapiga mluzi polepole, ajue kwamba nipo, na kwamba siingii. Midomo yangu ilikuwa imepasuka.

Jioni moja nilimsikia akiongea. Sikuwahi kuisikia sauti yake kabla ya hapo. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Aliongea na Dorka, lakini aliongea kwa nguvu, kwa kiasi cha ukuta.

"Mwambie huyo aliye nje kwamba siku ile sikumsikia. Ningemsikia, ningeingia."

Dorka hakurudia, hapakuwa na haja. Nilijibu nikitazama ofisi.

"Mwambie najua."

Alikohoa muda mrefu. Kisha akasema, "Mwambie aache kupiga. Midomo yake ina vidonda."

Nikaacha. Nilisimama tu. Alikufa kabla jua halijapanda kesho yake, na sijui kama wakati ule alijua niko ukutani ama alidhani nimekwenda nyumbani.

Tungependa kumrudisha Asembo akalale kwenye boma la mumewe, lakini hapakuwa na njia. Alizikwa kando ya Namba Tisa, karibu na mikalitusi. Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe hata akiwa maiti, kwa hiyo mimi nilisimama mwisho wa watu, nimelipa kaburi mgongo. Arap Tonui alikuja akiviringisha figa lake, lile la nyumba ya mama yake, akaliweka kichwani pa kaburi.

"Sisi zamani hapana weka alama hivi," aliniambia alipopita. "Lakini mama ni mama."

Tangu siku hiyo alikaa chini wakati wa chakula, kwenye nyasi.

Watu walipotawanyika, Dorka alikuja nyuma yangu akanishika kiwiko.

"Geuka sasa, Baba Achieng'. Yeye haoni tena."

"Mimi bado naona," nikamwambia. Hakunilazimisha.

Bwana aliniita. Alikuwa ameambiwa na kila mtu, kila mtu kwa namna yake. Alikuwa mwekundu machoni.

"Banda ilikuwa imejaa?"

"Hapana, bwana."

"Nafasi ilikuwa?"

"Nafasi ilikuwa, bwana."

Alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu ameandikiwa humo. "Mimi nilifikiri, familia..." akasema, na hakumaliza. Mwezi ule ule akaamuru lijengwe banda la pili, hatua chache tu kutoka la kwanza. Mafundi walidhani amechanganyikiwa. Ndiyo sababu Namba Tisa mpaka leo ina mabanda mawili yanayotazamana, na nyinyi vijana mnaweka baiskeli katika moja. Sikatazi. Ila mawe yakianza, toeni baiskeli.

Niliendelea na kazi. Mnauliza nilidumu vipi, na jibu ndilo hilo, niliendelea. Kesho yake baada ya mazishi nilikagua vikapu, na cha mwisho wa mstari wake kilikuwa cha mtu mwingine, mwenye mkono mzito, na juu yake hapakuwa na kitu. Nilikasirikia kile kikapu miezi mingi. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini hakuna msemo unaokueleza ufanye nini na mkono uliozoea kutia chipukizi mfukoni.

Arap Tonui amekufa zamani. Bwana alirudi kwao. Rael alihamia Sigor kwa binti yake, na nasikia hataniani na mtu tena. Mluzi niliuacha, kwa miaka iliyobaki nilitumia filimbi ya kampuni, na niliivaa shingoni hata nikilala.

Sasa nakaa nyumbani kutwa, jambo ambalo Dorka hajalizoea. Amezeeka. Watu wa Asembo wakija kututembelea husimama mlangoni wakishangaa, wanasema, yawa, huyu amekuwa mama yake mtupu, paji la uso lile lile, macho yale yale. Mimi sina cha kulinganisha. Nilifanya kazi na yule mama kila siku ya Mungu, najua mkono wake, mgongo wake, sauti yake jioni moja. Uso wake sikuwahi kuuona.

Juzi Dorka alikuwa akirudi kutoka bustanini na kapu la mboga kichwani. Alipinda kona ya nyumba bila mimi kumsikia, akatokea mbele yangu, jua limempiga usoni. Kabla sijajua ninafanya nini, nilikuwa nimeinuka kitini, nimegeuza uso ukutani, nikingoja apite.

Hakupita. Nilisikia kapu likitua chini.

"Baba Achieng'," akasema polepole, "ni mimi."

"Najua," nikamjibu. Lakini ilichukua muda kabla sijaweza kugeuka.